Nyimbo za Watu katika Sauti ya Willie Nelson

Disemba 1977 Willie Nelson alirekodi nyimbo 10 ambazo hakutunga hata mmoja. Tena hazikuwa za wenzake wa kantri. Zilikuwa za Irving Berlin, Hoagy Carmichael, ndugu wawili George na Ira Gershwin, Duke Ellington, Kurt Weill na wengine wa rika lao: nyimbo zilizozaliwa kwenye majukwaa ya New York, kwenye filamu na katika bendi za jazi. Sita kati ya hizo zilikuwepo kabla Nelson mwenyewe hajazaliwa mwaka 1933. Wakuu wa kampuni yake, Columbia, waliona anajiharibia. Alikuwa amekwisha kujulikana kama kinara wa waasi wa kantri, wanamuziki wenye nywele ndefu waliokataa kupangiwa na Nashville, kitovu cha biashara ya kantri, namna ya kurekodi. Mwasi na nyimbo za wazee vingeuzwaje pamoja? Lakini mkataba wake ulimpa neno la mwisho, naye akalitumia. Albamu hiyo, Stardust, ilitoka Aprili 1978, ikapanda hadi nafasi ya kwanza ya albamu za kantri katika chati za Billboard, ikabaki kwenye chati hizo kwa takriban miaka 10.

Mauzo peke yake hayathibitishi kitu. Wengi wameuza sana kwa kurudia nyimbo zilizokwisha kupendwa, na ndiyo sababu wahakiki huziona albamu za namna hii kama mapumziko ya msanii aliyeishiwa. Ninachotetea hapa ni kinyume chake, angalau kwa kisa hiki: Stardust ni kazi ya utunzi kamili, na humo Nelson anajieleza kwa undani kuliko katika nyimbo nyingi alizoandika kwa mkono wake. Mpaka tunaouweka kati ya wimbo wa mtu na wimbo wa watu ni mpaka wa biashara na wa sheria. Uimbaji haujawahi kuuheshimu.

Kantri ndipo mahali pagumu zaidi pa kuijaribia hoja hii, kwa kuwa hakuna muziki wa Marekani unaojinadi zaidi kuwa muziki wa kusema kweli. Msikilizaji anataka kuamini kwamba aliyeimba ulevi amelewa, na aliyeimba kuachwa ameachwa. Tangu Hank Williams, aliyefariki siku ya Mwaka Mpya 1953 akiwa na miaka 29 tu, mwimbaji anayetunga nyimbo zake amewekwa daraja la juu kuliko wenzake. Wasikilizaji wa Kenya waliokua na Jim Reeves na Kenny Rogers redioni wanaijua imani hiyo, hata kama hawakuambiwa kwamba He'll Have to Go iliyompa Reeves umaarufu ilitungwa na Joe na Audrey Allison, na kwamba mcheza kamari wa wimbo maarufu wa Rogers alibuniwa na Don Schlitz. Nashville halisi iliendeshwa na watu wanaolipwa kwa wiki kuandika majonzi ya wengine. Nelson alikuwa mmoja wao. Kabla ya kufika huko mwaka 1960 alikuwa amekwisha kuuza Family Bible kwa dola 50 na Night Life kwa dola 150, kwa sababu ya njaa. Mwaka 1961 Faron Young akaimba Hello Walls na Patsy Cline akaimba Crazy, zote zikiwa za Nelson, na nchi nzima ikazijua bila kumjua aliyezitunga.

Crazy inastahili kutazamwa kwa karibu. Cline aliletewa rekodi ya mfano ambayo Nelson anaimba kwa desturi yake: anachelewa nyuma ya mapigo, anazungumza zaidi ya kuimba, kisha anaharakisha kumalizia mstari bendi ikiwa imekwisha kutangulia. Cline alijaribu kumfuata, akashindwa. Alikuwa bado anauguza majeraha ya ajali ya gari na mbavu zilimuuma kwenye sauti za juu, kwa hiyo bendi ilirekodi kwanza, naye akarudi baadaye kuweka sauti. Prodyuza Owen Bradley alimtengenezea wimbo ulionyooka, wa taratibu, wenye piano laini, na Cline akauimba kwa pumzi ndefu, kila noti mahali pake. Maneno ni yaleyale na lahani ni ileile, ila anayesimulia si yuleyule. Kwa Nelson ni mtu anayejisemea peke yake, aibu ikimkatizakatiza. Kwa Cline ni mwanamke aliyekwisha kuielewa hali yake na anaitamka bila kujificha. Nelson aliyashuhudia hayo miaka 16 kabla ya kurekodi Stardust, akiwa upande wa mtunzi. Alijua kwamba anayeimba wimbo wa mwenzake ndiye anayeamua ni nani anayesema ndani yake.

Kwa nini basi nyimbo hizo 10? Nelson na dada yake Bobbie walilelewa na babu na bibi yao huko Abbott, mji mdogo wa Texas uliozungukwa na mashamba ya pamba ambayo watoto nao walivuna. Wazee hao walijua muziki na waliwafundisha wajukuu. Bobbie akashika piano, mdogo wake gitaa. Redio ilileta kila kitu bila kubagua: nyimbo za Broadway, bendi za jazi, na Bob Wills, Mtexas aliyechanganya fidla za mashambani na jazi ya kuchezea dansi. Kwa mtoto huyo nyimbo za Carmichael hazikuwa muziki wa wageni kutoka mjini. Zilikuwa za nyumbani, sawa na nyimbo za kanisani. Na kwenye Stardust anayepiga piano ni Bobbie yuleyule. Anayesema kwamba Nelson alitoka nje ya kantri kwenda kuazima nyimbo anachukulia kwamba kantri ilikuwa na ukuta tangu mwanzo.

Ukuta huo ulijengwa, na waliojenga wanajulikana. Katika miaka ya 1920 kampuni za kurekodi za Marekani zilianza kuuza santuri za watu wa Kusini kwa orodha mbili, moja ya wanamuziki weusi, nyingine ya wazungu wa mashambani. Wanamuziki wenyewe walikuwa wakiibiana na kufundishana nyimbo miaka yote. Orodha za mauzo ndizo zilizowatenga. Kantri ilirithi mgawanyo huo, ikasahau ulikotoka, ikauita mila. Kwa hiyo si jambo dogo kwamba prodyuza wa Stardust alikuwa Booker T. Jones wa Memphis, mpiga kinanda mweusi ambaye yeye na kundi lake la MG's walitoa Green Onions mwaka 1962 na kupiga katika nyimbo kibao za soul za kampuni ya Stax. Jones na Nelson walikuwa majirani Malibu, California. Nelson alimwomba ampangie Moonlight in Vermont, na alipousikia akamkabidhi albamu nzima. Walirekodi kwa siku 10 hivi, kwa studio iliyojengwa ndani ya lori, nyumbani kwa prodyuza Brian Ahern kusini mwa California. Bendi ilikuwa ileile ambayo Nelson alizunguka nayo nchi: Bobbie, Mickey Raphael kwenye hamonika, Paul English kwenye ngoma, Bee Spears kwenye besi, Jody Payne kwenye gitaa. Jones aliweka vinanda na fidla kwa kiasi kidogo mno, na kiasi hicho ndicho kilichoiokoa albamu.

Georgia on My Mind inabeba historia hiyohiyo. Carmichael, mzungu wa Indiana, aliitunga pamoja na Stuart Gorrell mwaka 1930. Ray Charles, mweusi aliyezaliwa Georgia, aliifanya yake mwaka 1960, na miaka miwili baadaye akatoa albamu nzima ya nyimbo za kantri, Modern Sounds in Country and Western Music. Nelson anapoiimba anamjibu Charles zaidi ya anavyomjibu Carmichael. Charles alikuwa ameupitia mlango uleule kutoka upande wa pili, miaka 16 kabla yake.

Msomaji aliyelelewa kwenye ushairi wa vina na mizani atapata jambo la kumfikirisha katika Moonlight in Vermont, wimbo wa 1944 wa John Blackburn na Karl Suessdorf. Hauna vina. Sehemu zake zenye lahani kuu zina vipimo sita vya muziki badala ya vinane vilivyozoeleka katika nyimbo za aina hiyo. Kwa kawaida kina ndicho kinachomwambia msikilizaji kwamba mstari umefika. Hapa sikio halina pa kutua, na waimbaji wengi huuficha upungufu huo kwa utamu wa sauti, noti ya mwisho ikivutwa mpaka bendi ihame. Nelson hana sauti ya kuvuta namna hiyo. Sauti yake ni nyembamba, inapita puani, haina mapambo. Anaushusha mwisho wa mstari karibu na usemi wa kawaida, kisha ananyamaza, na kimya chake ndicho kinachofanya kazi ya kina. Gitaa lake la nyuzi za nailoni, alilolinunua mwaka 1969 kwa dola 750 na ambalo limetoboka kwa kukwaruzwa, linafuata tabia hiyohiyo katika albamu nzima: noti chache, zikichelewa kama mwenyewe.

Wako watakaosema kwamba haya ni mapambo tu, na kwamba kazi halisi ilikwisha kufanywa na Blackburn na Suessdorf. Siwezi kukubali. Mwimbaji anayetunga ana njia mbili za kujieleza, maneno yake na namna ya kuyatamka. Nelson alijinyima ya kwanza, akabaki na ya pili, pamoja na uchaguzi wa nyimbo na mfuatano wake, na bado alijulikana. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba alipoimba Stardust, wimbo ulioipa albamu jina, mbele ya vijana wa Austin, walidhani ni wimbo mpya alioutunga. Wanaodai uaminifu katika kantri walizingatie hilo. Vijana wale walisikia mtu anasema yake. Walichokosea ni jina lililoandikwa kwenye hati ya hakimiliki.

Hoja hii haitetei kila albamu ya nyimbo za watu. Mfululizo wa albamu za Rod Stewart ulioanza mwaka 2002, uliochota katika hazina hiyohiyo ya nyimbo za Marekani, uliuza sana, na naamini kwamba haukumlazimu yeyote kuusikia wimbo hata mmoja upya. Okestra inamlaza msikilizaji, sauti inapita juu yake. Johnny Cash alipoimba Hurt ya Trent Reznor mwaka 2002, akiwa mgonjwa na karibu na mwisho wake, alifanya jambo la aina ya lile la Nelson: wimbo wa kijana ukawa wa mzee, na hauwezi tena kusikika kana kwamba Cash hakupita hapo. Kipimo ninachokipendekeza kwa mhakiki ni hicho. Aulize kama anayekuja kuuimba baadaye atalazimika kumjibu huyu.

Sheria ya Marekani inaigusa hoja hii kuliko wahakiki wengi. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya White-Smith dhidi ya Apollo, kwamba karatasi zilizotobolewa za piano zinazojipiga zenyewe si nakala ya wimbo, kwa hiyo mtunzi hakuwa na cha kudai. Bunge likajibu mwaka 1909 kwa kumpa haki hiyo, lakini kwa kuogopa kampuni moja isihodhi nyimbo zote likaweka leseni ya lazima: wimbo ukisharekodiwa kwa ruhusa ya mwenyewe, yeyote anaweza kuurekodi bila kuomba, mradi alipe senti 2 kwa kila nakala. Kiwango hicho kilidumu mpaka 1978, mwaka wa Stardust, kilipopanda kuwa senti 2.75. Sheria mpya iliyoanza kutumika mwaka huohuo inamruhusu mwimbaji kuupanga wimbo kulingana na mtindo wake, inamkataza kugeuza lahani ya msingi na tabia kuu ya wimbo, kisha inasema kwamba mpangilio wake hauna hakimiliki ya kujitegemea isipokuwa mwenye wimbo akubali. Kila nilichokisifu katika Stardust kimo ndani ya nafasi hiyo finyu. Sheria inaijua, inairuhusu, inakataa kuiita utunzi.

Nisieleweke kwamba natetea wanaochukua nyimbo za watu bure. Afrika Mashariki tunayajua madhara yake: Malaika, aliyoirekodi Fadhili William na Miriam Makeba akaipeleka duniani, imebishaniwa kwa miongo kuhusu nani hasa aliitunga na nani alistahili kulipwa. Nelson aliyeuza Night Life kwa dola 150 anajua uchungu wa mtunzi kuliko wanasheria. Ninachodai ni haki ya mwimbaji kando ya haki ya mtunzi.

Redio za kawaida za Marekani humlipa mtunzi wimbo unapopigwa, na mwimbaji hazimlipi. Crazy ikipigwa, Nelson ana mgao wake, awe ameimba Cline au mwingine. Lakini Georgia on My Mind, iliyompa tuzo ya Grammy mwaka 1979, imepigwa redioni miaka yote hii bila yeye kulipwa kwa kuiimba, hata pale ambapo kituo kiliichagua rekodi yake kati ya nyingi kwa sababu ya sauti yake. Miswada ya kurekebisha jambo hilo imefikishwa bungeni zaidi ya mara moja bila kupita. Wakati huohuo Blue Skies ya Berlin na Someone to Watch Over Me ya ndugu Gershwin, zote za 1926, zimekwisha kuwa mali ya umma nchini Marekani, na yeyote anaweza kuziimba bila kulipa hata senti. Rekodi alizozifanya Nelson za nyimbo hizo mbili bado zinalindwa, na zitalindwa kwa miongo kadhaa ijayo. Mashairi na lahani vimekuwa vya wote. Kilichobaki na mwenyewe ni uimbaji.