Wakala ndani ya programu: anayepokea wito kabla ya kazi kufanyika

Ukibonyeza simu kuangalia akiba yako, ombi lako mara nyingi haliendi moja kwa moja kwenye akaunti. Njiani kuna kipande cha programu kinacholipokea kwanza, kikalikagua, kisha kikalipitisha. Watengenezaji wa programu hukiita proksi. Sisi tutamwita wakala, neno analolijua kila anayetoa au kuweka pesa kwa simu.

Programu nyingi za leo hujengwa kwa objekti. Objekti ni fungu la taarifa pamoja na kazi zinazofanywa juu ya taarifa hizo, na kila kazi huitwa methodi. Tuchukue programu ya chama cha kuweka na kukopa. Objekti ya akaunti ina jina la mwanachama na salio lake, na ina methodi mbili, "weka" na "toa". Sehemu nyingine ya programu ikitaka kupunguza salio, hailigusi lenyewe. Huita "toa" na kutaja kiasi.

Sasa viongozi wa chama wanataka kila pesa inayotoka iandikwe: nani, lini, kiasi gani. Wanataka pia asiye na ruhusa azuiwe. Unaweza kuyaandika hayo ndani ya "toa", kisha ndani ya "weka", kisha kwenye mikopo, riba na hisa. Siku utaratibu ukibadilika, utazunguka kote ukirekebisha, na hakukosi mahali pa kusahaulika.

Wakala huondoa adha hiyo. Naye ana "weka" na "toa" zenye majina yale yale, kwa hiyo anayeita haoni tofauti. Wito ukimfikia, anakagua ruhusa, anaandika kumbukumbu, ndipo anaiita akaunti halisi. Jibu nalo hurudi kupitia kwake. Anaweza pia kukataa, na akaunti halisi isijue kama kuna aliyepiga hodi.

Mbinu hii imeelezwa katika kitabu Design Patterns cha 1994, cha Erich Gamma na wenzake watatu. Mwaka 2000, lugha ya Java toleo la 1.3 ilileta wakala anayeundwa wakati programu tayari inafanya kazi. Mtengenezaji huandika methodi moja tu, na kila wito, uwe wa "weka" au wa "toa", huangukia humo ukiwa na jina lake. JavaScript, lugha ya kurasa za intaneti, ilipata wakala wa namna hii mwaka 2015.

Wakala anapopitwa

Hapa ndipo pesa za watu zinaweza kupotea. Kuhamisha pesa ni hatua mbili: kutoa kwa mmoja na kuweka kwa mwingine. Akaunti ya mpokeaji ikikutwa imefungwa, hatua ya kwanza lazima ifutwe. Katika Spring, zana maarufu ya Java, mtengenezaji huweka alama juu ya methodi "hamisha". Kwa utaratibu wa kawaida, wakala ndiye anayefungua muamala kabla ya kazi, na kosa likitokea anarudisha salio lilivyokuwa.

Lakini wakala husimama mlangoni. Tuseme ndani ya objekti ile ile kuna methodi nyingine, "lipaWote", inayoita "hamisha" kwa kila mwanachama siku ya gawio. Wito huo unatoka ndani kwenda ndani, haupiti mlangoni. Kama "lipaWote" yenyewe haina alama, hakuna muamala uliofunguliwa. Alama ya "hamisha" ipo, kila anayesoma programu anaiona, ila haifanyi kazi yoyote. Kosa likitokea katikati, chama kimeshatoa na mwanachama hajapokea. Tena majaribio ya haraka hayalioni tatizo hili, maana siku ambayo mambo ni mazuri pesa hufika salama.

Dawa yake si ngumu. Methodi "hamisha" ipelekwe kwenye objekti nyingine, ili wito wa "lipaWote" utoke nje na kumkuta wakala. Na anayepima programu aifunge akaunti ya mpokeaji kwa makusudi, atume pesa, kisha atazame kama salio la mtumaji limerudi.