Mutu au Mtu? Historia Fupi ya Maandiko

Mtoto wa shule hapa Masisi aandika "mutu". Mwalimu ashika kalamu nyekundu, asahihisha "mtu". Mtoto auliza: "Mama husema mutu. Ni nani aliyekosa?" Wasomaji wapendwa, swali hilo si la kitoto. Tulitafutie jibu katika historia.

Zamani wazee wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akakiandika kwa herufi za Kilatini. Lugha yenyewe aliiandika "Suahili". Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Waanglikana huko Unguja, aliandika "Swahili" katika kitabu chake cha mwaka 1870. Hivyo kila misheni ilikuwa na desturi yake. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Kongo haikuwamo. Basi sauti ya Masisi na Walikale haikusikiwa mle.

Na sauti hiyo ni ya kale. Wahunde na Wanyanga hutamka "mu" wazi katika lugha zao. Watu wa pwani nao walikuwa nayo, kisha "u" ikafifia vinywani mwao. Hata leo yabaki katika "muuguzi". Mama yule hakukosa: ameshika sauti ya kale, na kitabu kimeshika sauti ya Unguja.

Wala tusidhani ni sisi tu. Wafaransa waliandika "teste" kabla kamusi ya Akademia yao ya mwaka 1740 haijaweka "tête". Kamusi ya Mwingereza Johnson, mwaka 1755, ina "musick". Leo "k" imetupwa. Jirani zetu waliandikwa "Ruanda" wakati wa Wabelgiji. Tangu uhuru wa mwaka 1962 ni "Rwanda".

Lakini herufi zaweza kumwumiza mtu. Tumeona mwenzetu ambaye cheti cha ubatizo chamwita Joannes, cha shule Jean, na karatasi nyingine Yohana. Alipokimbia vita, ofisini aliulizwa: "Wewe ni yupi kati ya hawa watatu?" Ni mtu mmoja na somo wake mmoja, lakini alirudishwa mara mbili.

Kwa hiyo, wazazi na walimu, tumfundishe mtoto "mtu" kwa ajili ya vitabu na mitihani, wala tusicheke "mutu" ya mama yake. Nasi tunaoandika majina tusiwe na haraka. Tuulize, tutazame karatasi ya kwanza, tuandike vilevile. Wazee walisema: Jina jema hung'ara gizani. Basi tusilizime kwa wino wetu.