Nyaya Zilizorithi Kazi ya Kiki

Fungua begi la pembeni la pikipiki ya safari ndefu, zile kubwa zenye kioo cha kukinga upepo na kiti kipana cha abiria, na mara nyingi utakuta humo nyaya mbili za kubusti betri, nyekundu na nyeusi, zimekunjwa karibu na spana na viraka vya tairi. Wapo wanaozicheka. Kwao, mtu anayebeba nyaya kwenye pikipiki ni mwoga, au ni mvivu asiyetunza betri yake. Hukumu hiyo ni ya haraka mno, kwa sababu inamtazama mwendeshaji na kuisahau mashine. Nyaya zile zinafanya kazi iliyokuwa ya kiki, ule mkono wa kuwashia injini kwa mguu, na aliyeiondoa kiki ni kiwanda. Mwenye pikipiki ameachiwa pengo, naye amelijaza kwa kifaa cha bei nafuu kuliko vyote vilivyopo.

Pikipiki za mwanzo zilijitegemea kwa namna ambayo leo tumeisahau. Ziliwashwa kwa pedeli kama za baiskeli, au kwa kusukumwa na kurukiwa, mpaka Mwingereza Alfred Scott alipoanza kuziwekea zake kiki mwaka 1908. Nyingi zilipata cheche ya plagi kutoka kwenye magineto, chombo chenye sumaku kinachozungushwa na injini yenyewe, kwa hiyo hapakuwa na betri ya kuisha chaji. Palikuwa na mguu tu, na mguu ulipata taabu yake: injini kubwa ikirusha kiki kinyume iliweza kumuumiza mtu vibaya. Haishangazi, basi, kwamba mwaka 1914 kampuni ya Indian ya Springfield, Massachusetts, ilitoa Hendee Special yenye stata ya umeme. Wazo lilikuwa zuri lakini betri za wakati ule hazikuliweza. Ziliishiwa nguvu, wateja wakalalamika, na modeli hiyo haikuvuka mwaka mmoja sokoni. Kiki ikapata takriban nusu karne nyingine ya kutawala, kwa sababu ya udhaifu uleule wa betri ambao baadaye ungeleta nyaya.

Stata ilirudi kwa kishindo baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Honda iliiweka kwenye pikipiki zake za wastani mwishoni mwa miaka ya 1950. Harley-Davidson iliijaribu kwanza kwenye Servi-Car, ile ya magurudumu matatu iliyopendwa na polisi, mwaka 1964, na mwaka uliofuata ikatoa Electra Glide, ambayo hata jina lake linajisifia umeme. Pamoja na stata hiyo, Harley ilihama kutoka volti 6 kwenda volti 12. Badiliko hili halisemwi sana, ingawa bila hilo mada yetu isingekuwepo. Magari ya Marekani yalikuwa yamekwisha kuhamia volti 12 katika miaka ya 1950; pikipiki kubwa ilipoyafuata, gari la kawaida lililopaki kituo cha mafuta liliweza kumsaidia mwenye pikipiki iliyokufa betri. Kilichokosekana ni waya wa kuviunganisha vyombo hivyo viwili.

Kiki haikutoka siku moja. Moto Guzzi V7 ya mwaka 1967 ilithubutu kuiacha kabisa, lakini wengine walisita, na hakuna aliyesita kwa namna ya kuvutia kuliko Honda. Gold Wing ya kwanza, GL1000 ya mwaka 1975, ilikuwa na tangi la uongo: petroli ilikaa chini ya kiti, na mahali pa tangi palikuwa na kisanduku chenye vifaa vya umeme. Ndani ya kisanduku hicho kiwanda kiliweka mkono wa kiki, umeng'olewa, ukisubiri siku ya dharura. Huo ni ushahidi mzito. Wahandisi wenyewe, waliojua ubora wa stata waliyoitengeneza, waliona si haki kumpeleka mtu safari ndefu kwa kutegemea betri peke yake, wakampakilia njia ya pili kama mzigo. Mwaka 1978 geji ya volti ikawekwa juu ya tangi hilo la uongo. Ilipotoka GL1100 mwaka 1980, kiki haikuwepo tena. Mwendeshaji aliachwa na geji inayomwambia kwamba betri inakufa, bila chochote cha kufanya akishaambiwa.

Mtu anayeijua mitambo atapinga hapa, na pingamizi lake lina uzito: Gold Wing ile ilipata cheche kutoka kwenye betri, hivyo betri ikifa kabisa hata kiki isingesaidia. Ni kweli. Lakini mara nyingi betri haifi kabisa, hudhoofika. Stata ya injini kubwa huvuta ampea 100 na zaidi kwa sekunde chache, ilhali mfumo wa cheche unatosheka na ampea chache tu. Betri iliyoshindwa kuzungusha injini bado inaweza kutoa cheche, na katika nafasi hiyo kiki ilikuwa inaokoa watu. Bodaboda za Kampala na Dar es Salaam zinaonyesha jambo hilohilo kutoka upande wa pili. Nyingi zina stata na kiki pamoja, betri ikichoka dereva anapiga kiki na kuondoka na abiria wake, na ni nadra kumkuta amebeba nyaya. Woga hauhusiki, pikipiki yake bado ina mguu.

Wengine watasema: si isukumwe tu? GL1000 ilikuwa na zaidi ya kilo 260 bila mafuta wala mizigo, na GL1500 ya mwaka 1988, yenye silinda sita, ilikaribia kilo 360. Ilikuwa nzito hivi kwamba Honda iliipa uwezo wa kurudi nyuma, na anayeirudisha ni stata ileile kwa umeme wa betri ileile. Kuisukuma peke yako kwenye mchanga au mlimani ni maneno ya mtu aliye kwenye kochi. Halafu ikaja sindano ya mafuta ya kielektroniki, kama ile ya BMW K100 ya mwaka 1983: pampu ya petroli na kompyuta vyote vinadai umeme kabla injini haijageuka, na betri iliyokauka haiwezi kuviamsha hata upate vijana kumi wa kusukuma.

Hoja ya kwamba betri za leo ni bora naikubali nusu. Zisizopitisha hewa hazimwagi tindikali wala hazihitaji kuongezwa maji, ila baadhi hufa ghafla bila dalili, na mzigo umeongezeka: redio, taa za ziada, koti la kupasha joto, ramani ya kielektroniki. Pakiti ndogo za lithiamu za kubusti ndizo mshindani wa kweli, na kwa anayepita njia zisizo na magari zinazishinda nyaya. Hata hivyo pakiti nayo ni betri, lazima ichajiwe, na waliozinunua wakazisahau begini miezi sita wanajua mwisho wake. Nyaya hazina cha kuisha.

Basi anayenunua pikipiki ya safari ndefu isiyo na kiki aulize mambo mawili kabla ya kulipa: betri imefichwa wapi, na vibanio vitaifikiaje, maana kwenye modeli nyingi ni lazima kung'oa kiti au paneli kwanza. Asidanganyike na kile kiwaya cha kuchajia kilichofungwa betrini tangu dukani. Fyuzi yake ndogo haiwezi kubeba umeme wa stata. Na siku atakapobusti kutoka kwenye gari, injini ya gari iwe imezimwa, nyekundu ifungwe chanya kwa chanya, na nyeusi ya mwisho ifungwe kwenye chuma cha injini ya pikipiki, mbali na betri.