Kupima Mzigo wa Mtandao

Mtandao wa kompyuta ukiwa mzito, watu hulaumiana. Huyu husema waya ni mwembamba, yule husema jirani yake anatumia kupita kiasi. Leo mtasoma jinsi watu walivyojifunza kupima badala ya kulaumiana.

Swichi ni kisanduku chenye matundu ya kuunganisha nyaya za kompyuta. Habari huingia kwa tundu moja na kutoka kwa jingine. Katika swichi nyingi za ofisini kila tundu lina hesabu yake, nayo hupanda kama mita ya maji. Kipimo chake ni baiti.

Mwaka wa 1988 wataalamu walitoa kanuni iitwayo SNMP. Kwa kanuni hiyo, kompyuta moja huweza kuviuliza vyombo vya mtandao, swichi zikiwamo: “Mita yako inasoma ngapi?”

Mwaka wa 1994 Tobias Oetiker alikuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha De Montfort, mjini Leicester, Uingereza. Njia ya kwenda nje ilikuwa moja tu, yenye uwezo wa baiti 8,000 kwa sekunde. Kila mtu alitaka kujua hali yake. Basi Oetiker akaandika programu ya kusoma mita kila dakika 5 na kuchora mstari ambao wote waliweza kuuona. Programu hiyo, MRTG, ilitolewa mwaka wa 1995, na mafundi wa nchi nyingi wakaitumia.

Hesabu yake ni kutoa na kugawanya. Tuseme mita ilisoma 5,000,000, kisha baada ya dakika 5 ikasoma 6,200,000. Tofauti ni 1,200,000. Gawanya kwa sekunde 300, utapata 4,000. Basi, kwa wastani, nusu ya njia ilikuwa tupu.

Je, ukitaka jumla ya swichi nzima? Jumlisha yaliyoingia katika matundu yote. Usiongeze yaliyotoka. Mtu akiingia sokoni kwa lango hili na kutoka kwa lile, hawi watu wawili.

Zoezi: Mita ile ilisoma 6,200,000. Baada ya dakika 5 ikasoma 8,600,000. Je, sasa wanaolalamika wana haki? Piga hesabu kabla ya kujibu.