Haki, Fadhila na Deni: Gharama za Chuo Kikuu cha Umma Nchini Kenya

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma nchini Kenya akiulizwa ni nani anayemlipia masomo, aghalabu atajibu kwa mojawapo ya vitenzi vitatu. Atasema kwamba amefadhiliwa na serikali, au amekopeshwa na Bodi, au anajilipia. Vitenzi viwili vya kwanza vimo katika kauli ya kutendwa: mtendaji ni serikali au Bodi, na mwanafunzi ni mpokeaji tu. Kitenzi cha tatu kina kiambishi cha kujirejea, na humwonyesha mwanafunzi akiwa peke yake na mfuko wa wazazi wake. Ni nadra kumsikia akisema kwamba nafasi yake na nafuu ya karo aliyopewa ni vitu alivyostahiki.

Jambo hili lastahili kuchunguzwa, kwa sababu kwa muda mrefu ustahiki ndio uliotajwa kuwa msingi wa kugawia fedha za umma katika elimu ya juu. Neno lenyewe limetokana na mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa neno haki. Kustahiki, kwa asili yake, ni kuwa na haki juu ya kitu. Fadhila ni wema wa mtoaji, na apewaye fadhila hana la kudai bali hushukuru. Deni nalo ni haki ya mkopeshaji. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia ya kulipia chuo kikuu cha umma nchini Kenya ni historia ya kuhama kutoka dhana moja kati ya hizi hadi nyingine, na kwamba kila uhamaji ulibadilisha jibu la swali moja: ni nani anayesomeshwa kwa kodi ya wote?

2. Miaka ya kusomeshwa bure

Kabla ya uhuru idadi ya Waafrika waliofika chuo kikuu ilikuwa ndogo mno. Wengi wao walikwenda Makerere, na baada ya Chuo cha Ufundi cha Kifalme kufunguliwa Nairobi mwaka wa 1956, wengine walisomea huko. Mwaka wa 1952 serikali ya kikoloni ilianzisha hazina ya mikopo kwa ajili ya waliokwenda kusoma nje ya Afrika ya Mashariki, katika nchi kama Uingereza, Marekani na India. Hivyo wazo la kukopa ili kusoma halikuzuka baada ya uhuru, ingawa hazina hiyo ilififia kabla ya bendera ya mkoloni kushushwa.

Mwaka wa 1963 chuo cha Nairobi kiliunganishwa na vile vya Makerere na Dar es Salaam kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Muungano huo ulivunjwa mwaka wa 1970, na kila nchi ikabaki na chuo kikuu chake. Katika miaka hiyo mwanafunzi aliyekubaliwa chuoni hakulipa karo, na chakula na malazi alipewa kwa gharama ya umma. Sababu ilikuwa wazi. Taifa changa lilihitaji walimu, madaktari, wahandisi na watumishi wa serikali wa kushika nafasi zilizoachwa na wageni, na Tume ya Elimu ya mwaka wa 1964 iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde ilisisitiza uhusiano huo kati ya elimu na mahitaji ya nchi. Mwanafunzi alisomeshwa na umma, naye alitarajiwa kuutumikia umma.

Katika hali hiyo ustahiki na haki vilikwenda sambamba, angalau kwa nadharia. Mtihani ulikuwa mlango, na aliyepita mlango hakuulizwa tena kitu. Lakini ikumbukwe kwamba mlango huo ulikuwa mwembamba, na njia ya kuufikia ilipitia shule za sekondari chache ambazo watoto wengi hawakuziona hata kwa mbali. Ubure wa chuo kikuu uliwafaa waliokwisha kufika. Aliyekwama njiani haukumfaa lolote.

3. Mkopo ulioitwa bumu

Idadi ya wanafunzi ilipozidi kukua, serikali iliona mzigo ukiielemea. Kuanzia mwaka wa masomo wa 1973/74 ilianzisha mpango wa mikopo chini ya Wizara ya Elimu, kwa Wakenya waliosoma Nairobi, Makerere na Dar es Salaam. Kwa maandishi, dhana ilikuwa imekwisha kuhama: kilichokuwa haki ya aliyefaulu sasa kiliandikwa kuwa deni.

Katika mazungumzo ya wanafunzi, hata hivyo, deni halikuonekana. Fedha za matumizi walizopokea waliziita bumu, jina lenye mlio wa neema ya ghafla, na ambalo limesikika pia katika vyuo vya Tanzania. Jina hilo ni ushahidi mzuri kwa mwanahistoria. Halina ndani yake dokezo lolote la kurudisha. Wananchi kwa jumla nao waliuchukulia mkopo kuwa ni ruzuku, na sheria haikuwa na meno ya kuwafuatia waliomaliza masomo na kupata kazi. Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga. Katika mpango huu harusi ilifanyika mwaka hata mwaka, na matanga hayakuwadia. Hazina iliyotarajiwa kujizungusha yenyewe ikabaki kutegemea bajeti ya serikali.

4. Kugawana gharama

Miaka ya 1980 ilileta upanuzi mkubwa. Kufuatia Tume ya Mackay ya mwaka wa 1981, Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka wa 1984, na mfumo wa 8-4-4 ukafuata mwaka wa 1985. Chuo cha Kenyatta kilipewa hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka wa 1985, na Egerton mwaka wa 1987. Mwaka wa 1990 kundi la kwanza la 8-4-4 lilibisha hodi vyuoni. Madarasa yalifurika, mabweni yakajaa, na fedha hazikuongezeka kwa kadiri hiyo.

Ripoti ya kamati ya Kamunge ya mwaka wa 1988 ilikuwa imekwisha kupendekeza kwamba wazazi na wanafunzi washirikishwe katika gharama. Benki ya Dunia nayo ilikuwa ikishinikiza jambo hilo hilo katika masharti ya mikopo yake. Mwaka wa 1991 karo ya shilingi 6,000 kwa mwaka ilianzishwa. Wanafunzi waligoma, ghasia zikazuka, na vyuo vikafungwa. Msamiati wa wakati huo ulikuwa ni kugawana gharama. Neno kugawana, lenye kiambishi cha kutendana, hudokeza wabia wawili walio sawa, lakini mbia mmoja alikuwa serikali na mwingine alikuwa mzazi ambaye huenda aliuza ng'ombe au aliitisha harambee ili mwanawe arudi chuoni.

Mwaka wa 1995 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyopewa nguvu za kudai madeni. Hesabu iliyotumika ilikadiria gharama ya mwanafunzi mmoja kuwa shilingi 120,000 kwa mwaka. Kati ya hizo, 86,000 zilikuwa za mafunzo, na 34,000 za chakula, malazi na mahitaji mengine. Serikali ilitoa 70,000 kwa upande wa mafunzo, na mwanafunzi akadaiwa 16,000 tu, yaani chini ya sehemu moja kwa tano. Ili kulipia sehemu yake yote ya shilingi 50,000, asiyejiweza aliweza kupata mkopo usiozidi 42,000 pamoja na basari ya 8,000.

Yafaa kuitazama vyema nambari hiyo ya 16,000. Haikubadilika hadi mwaka wa 2023, licha ya kupanda kwa bei za vitu vyote. Kwa hakika ilikuwa nafuu kubwa ya karo, iliyotolewa kwa misingi ya alama za mtihani. Haikuitwa hivyo, kwa kuwa iliwapata wote waliochaguliwa. Ubaguzi uliokuwemo ndani yake ulijidhihirisha pale ilipotokea bei ya pili.

5. Darasa moja, bei mbili

Bei ya pili ilizaliwa mwaka wa 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipofungua mpango sambamba kwa wanafunzi wa kujilipia. Makerere ilikuwa imetangulia katika njia hiyo mapema katika miaka ya 1990, na vyuo vingine vya Kenya vikafuata. Ili kupata nafasi ya serikali haikutosha kufikia alama ya C+ iliyotakiwa kisheria. Halmashauri ya pamoja ya vyuo vikuu vya umma ilipanga waombaji kwa alama na kukata orodha pale ambapo nafasi, hasa za vitanda, zilikwisha. Aliyekuwa juu ya mkato alilipa 16,000. Aliyekuwa chini yake, pengine kwa pointi moja, alitakiwa kulipa gharama nzima, ambayo katika kozi kama udaktari ilifika mamia ya maelfu ya shilingi kwa mwaka.

Hapa ndipo dhana ya ustahiki ilipopata mtihani wake mkubwa. Kwa upande mmoja, mpangilio huo ulikuwa na uadilifu wa aina yake. Alama zilitangazwa hadharani, mkato ulijulikana, na mtoto wa maskini aliyefaulu hakuhitaji kumpigia magoti chifu wala mbunge ili aingie. Kwa upande mwingine, alama zenyewe hazikuota nyikani. Mwanafunzi wa shule ya kitaifa yenye maabara, maktaba na walimu wa kutosha alishindana na mwenzake wa shule ya kutwa ambamo mwalimu mmoja alifundisha masomo matatu. Wazazi walioweza kulipia shule bora ya msingi walimpatia mwana wao nafasi katika sekondari bora, na sekondari bora ikampatia nafuu ya chuo kikuu. Hivyo nafuu kubwa zaidi ya umma iliwafikia wengi ambao tayari walikuwa wamepata nafuu nyingine nyingi. Mtoto wa mkulima mdogo aliyepata B katika shule dhaifu, na ambaye bila shaka alitia bidii kubwa, aliambiwa ajilipie au abaki nyumbani. Kupunguzwa kwa alama za kuingilia kwa ajili ya wasichana kulikuwa kukiri wazi kwamba alama moja haikuwa na uzito mmoja kwa kila mtu.

Vyuo navyo viliingiwa na uraibu. Fedha za mpango sambamba zilijenga majengo, zikalipa mishahara, na zikaziba pengo la ruzuku ya serikali. Uraibu huo ulikatizwa ghafla. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka wa 2016, baada ya udanganyifu kudhibitiwa, waliopata C+ na zaidi walishuka hadi 88,929, na wote waliweza kupewa nafasi za serikali, zikiwemo za vyuo vya kibinafsi vilivyoanza kupokea wanafunzi hao kwa fedha za umma mwaka huo wa 2016. Waliobaki kujilipia walikuwa wachache, na vyuo vya umma vikazama katika madeni.

6. Kutoka alama hadi uhitaji

Mwezi wa Mei 2023 serikali ilitangaza mfumo mpya. Ruzuku ya jumla kwa vyuo iliondolewa, na mahali pake ukawekwa ufadhili wa mwanafunzi mmoja mmoja, mkopo, na mchango wa familia, vyote vikikadiriwa kwa kupima uwezo wa nyumba yake. Katika mpangilio wa vitengo vitano wa mwaka wa 2024, kitengo cha kwanza kilipangiwa ufadhili wa asilimia 70, mkopo wa asilimia 25, na mchango wa familia wa asilimia 5. Kitengo cha tano kilipangiwa asilimia 30, 30 na 40.

Mfumo huu ulikusudiwa kurekebisha dosari iliyoelezwa hapo juu, na kwa kiasi hicho nia yake haiwezi kubezwa. Lakini ulileta dosari yake wenyewe. Karo iliyohesabiwa sasa ilikuwa gharama nzima ya kozi, kwa hivyo hata asilimia ndogo ilikuwa fedha nyingi kwa jamaa aliyezoea kusikia habari za 16,000. Tena, alama huonekana na watu wote, ilhali umaskini hupimwa kwa fomu. Wanafunzi walilalamika kwamba waliwekwa katika vitengo visivyolingana na hali za kwao, na walilazimika kukata rufani wakieleza ufukara wao. Mwezi wa Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo huo ulikiuka katiba, na serikali ikakata rufani. Mwaka wa 2025 serikali ilitangaza kupunguza karo za kozi katika vyuo vya umma.

7. Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba hakuna wakati ambapo chuo kikuu cha umma kilikuwa bure. Kila mara kulikuwa na mlipaji, na swali lilikuwa ni nani na kwa jina gani. Kilipolipiwa kwa jina la ustahiki peke yake, umma uliwalipia zaidi wale waliokuwa wamekwisha kusaidiwa. Kilipolipiwa kwa jina la deni lisilodaiwa, kizazi kimoja kilikula akiba ya kijacho. Na kilipolipiwa kwa jina la ufadhili unaofuata uhitaji, kijana aliyefaulu alijikuta akithibitisha unyonge wake kabla ya kuthibitisha akili yake.

Wataalamu wa lugha wana sababu ya pekee ya kuyatazama mambo haya. Neno ufadhili limezoeleka mno katika barua za vyuo na katika magazeti hata halisikiki tena kwa maana yake ya asili. Lakini fedha zinazotolewa ni kodi za wananchi, wakiwemo wazazi wa mwanafunzi huyo huyo, na mtu hafadhiliwi kwa mali yake mwenyewe. Ikiwa nchi inaamini kwamba aliyefikia kiwango amestahiki kusoma, basi kipimo cha uwezo wa familia kitumike kugawa mzigo wa malipo, kisitumike kumgeuza aliyestahiki kuwa mwombaji. Yule wa shule ya kutwa aliyepata C+ hajaomba hisani. Ameleta hati ya haki yake, na kinachobaki ni umma kukubaliana namna ya kuilipa.