Kufifia na Kuhuishwa kwa Mikorosho ya Masasi na Newala

Msafiri anayetoka Masasi, penye milima ile ya mawe iliyosimama peke yake juu ya nchi tambarare, akapanda Uwanda wa Makonde hata akafika Newala, ukingoni mwa bonde la mto Ruvuma, hupita katikati ya mikorosho mingi kiasi cha kudhani kwamba mti huu umekuwapo huko tangu dahari. Ilhali asili yake ni Brazili, na walioufikisha katika pwani yetu ni Wareno, katika karne ya 16. Nao ulikaa zama nyingi bila ya kuhesabiwa kuwa mali, mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili, biashara ya korosho ilipostawi na wakulima wa kusini wakaanza kuupanda kwa wingi.

Nao uliwafaa kwa sababu zilizo wazi. Juu ya uwanda huo ardhi ni ya mchanga usioshika maji, na kwa vizazi vingi wanawake walikuwa wakiteremka mabondeni kuyatafuta. Lakini mkorosho, kwa mizizi yake izamayo mbali, hustahimili kiangazi, ukachanua maua miezi ambayo mvua haipo. Mtu alipanda muhogo, akatia mikorosho kati yake, na baada ya miaka michache shamba lile likawa akiba ya aila nzima. Korosho ghafi zilisafirishwa hadi Bara Hindi kubanguliwa, na katika msimu wa 1973/74 mavuno ya Tanzania yalifika takriban tani 145,000.

Neema hiyo haikudumu. Katika miaka hiyo hiyo, baina ya 1973 na 1976, watu waliokuwa wakikaa mbalimbali, kila mmoja kando ya shamba lake, walihamishiwa katika vijiji vya pamoja, na mikorosho ya wengi ikabaki masafa marefu na makazi mapya. Bei aliyolipwa mkulima nayo ilikuwa haba, hata wengine wakaona kwamba kwenda kupalilia ni taabu isiyo na ujira. Vichaka vikaota, moto wa nyika ukapita, na matawi yakasongamana hata jua lisipenye. Ndipo mwaka 1979 ukatambuliwa nchini ugonjwa wa ubwiri unga, ambao ni ukungu mweupe unaofunika machipukizi na maua, maua yakasinyaa na kukauka kabla ya kufunga tunda. Mti ulisimama na majani yake, lakini haukuzaa. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka hadi tani 16,500 hivi.

Tiba ilitafutwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, karibu na Mtwara, nayo ilikuwa salfa ya unga, inayopulizwa kwa mashine alfajiri, wakati umande ungali juu ya majani na upepo umetulia, ili unga ushike. Lakini salfa peke yake haikutosha. Ilibidi shamba lisafishwe, matawi makavu yapogolewe, na miti iliyobanana ipunguzwe ili iliyobaki ipate hewa na nuru. Na mti uliozeeka mno ulikatwa, kikabakizwa kisiki, na kilipochipua, machipukizi yake yakabebeshwa vikonyo vya mikorosho bora. Hivyo mizizi ya wazee ikalisha matawi mapya.

Kwa juhudi hizo, na kwa biashara kufunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 hata mkulima akaona tena faida ya jasho lake, mavuno yalipanda hadi kiasi cha tani 121,000 katika msimu wa 1999/2000, na katika msimu wa 2017/18 yakapita tani 300,000, jambo lisilopata kuonekana kabla.

Taarikh hii inathibitisha kwamba mikorosho ya uwanda huu ilitupwa kwanza, kisha ikaugua. Na haikurudi kuzaa ila mwenyewe aliporudi shambani akiwa na dawa mkononi na tamaa ya bei ya haki. Basi wenye mamlaka na vyama vya ushirika wahakikishe kwamba salfa inamfikia mkulima kabla ya maua kuchanua, na kwamba malipo yake hayacheleweshwi. Na vijana wa Masasi na Newala, waliorithi miti hiyo, wasiache kuipogoa na kuibebesha, kwani urithi usiohudumiwa haukawii kupotea.