Kutoka Ukalimani hadi Mamlaka: Historia ya Utafiti wa Tiba ya Watoto miongoni mwa Wanavajo

Mwaka 1951 Annie Wauneka alichaguliwa kuingia katika Baraza la Wanavajo, jamii ya wenyeji wa asili wa Marekani ambao ardhi yao, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 70,000, imeenea katika majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah. Kifua kikuu kilikuwa kikiwaangamiza watu wake. Pamoja na kuwatembelea wagonjwa wodini na majumbani, Wauneka alishirikiana na madaktari kutunga kamusi ya istilahi za tiba ya Kiingereza na Kinavajo. Kazi hiyo haikuwa ya kutafuta visawe tu. Kinavajo ni lugha iliyojengwa juu ya kitenzi, na jina la ugonjwa aghalabu hueleza kinachotokea mwilini. Kijidudu kisichoonekana kilihitaji kusimuliwa; kukipa jina peke yake kusingetosha.

Juu ya msingi huo wa lugha ndipo utafiti ulipojengwa. Mwaka 1952 madaktari wa Chuo Kikuu cha Cornell, wakiongozwa na Walsh McDermott, waliijaribu dawa mpya ya isoniazidi kwa wagonjwa wa Kinavajo, na miaka michache baadaye wakafungua zahanati ya utafiti huko Many Farms. Waliwafunza Wanavajo kadhaa kuwa wahudumu wa afya wa kuzungukia makazi yaliyotawanyika jangwani. Mradi huo ulipofungwa mwaka 1962, matokeo yake kwa watoto yalikuwa ya kufadhaisha. Kifua kikuu kiliitikia dawa, lakini nimonia na kuhara, maradhi yaliyowaua watoto wachanga kwa wingi, hayakupungua kwa kiasi cha kuridhisha. Familia ziliishi katika hogani za sakafu ya udongo, bila maji ya bomba, na zahanati nzuri haikuweza kulibadilisha hilo. Ni sifa ya McDermott na wenzake kwamba waliyachapisha matokeo hayo waziwazi. Miradi mingi ya baadaye, kwingineko duniani, haikuwa na uungwana huo.

Jibu la tatizo la kuhara lilisogea mbele miaka ya 1980, miongoni mwa majirani wa Wanavajo, Waapache wa White Mountain. Huko Mathuram Santosham wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alichunguza matumizi ya maji ya chumvi na sukari kwa watoto wanaohara. Baadaye yeye na wenzake walirudi kwa Wanavajo na jaribio la chanjo dhidi ya bakteria wa Hib, anayesababisha homa ya uti wa mgongo na ambaye aliwashambulia watoto wa huko mara nyingi zaidi kuliko watoto wengine wa Marekani. Watoto wachanga zaidi ya 5,000 walishiriki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalionyesha kinga ya zaidi ya asilimia 90. Chanjo za Hib zimeufikia pia ukanda huu: Kenya ilianza kuzitoa mwaka 2001, na Uganda mwaka 2002.

Hata hivyo, kamusi haikumaliza suala la ridhaa. Mwaka 1995 Joseph Carrese na Lorna Rhodes walionyesha kuwa, katika mtazamo wa Wanavajo wengi, kutamka baya kunaweza kulileta. Fomu ya ridhaa, kwa upande wake, humtaka mtafiti amtajie mama kila dhara linaloweza kumpata mwanawe. Hapa tafsiri sanifu kabisa yaweza kuwa ndiyo yenye kuudhi zaidi, kwani kosa limo katika tendo lenyewe la kusema. Wanaotunga sera za Afrika Mashariki wana sababu ya kulitazama jambo hili kwa karibu. Fomu ikishatafsiriwa kwa Kiswahili huhesabiwa kuwa imefika kwa wananchi, ilhali kwa mama wa Kihadzabe au wa Kimaasai Kiswahili chaweza kuwa lugha ya serikali tu, kama kilivyokuwa Kiingereza kwa mama wa Many Farms.

Kilichobadilisha mizani ni mamlaka. Mwaka 1996 Taifa la Navajo lilianza kuendesha bodi yake lenyewe ya kukagua utafiti. Kwa kanuni zake, takwimu ni mali ya Taifa, matokeo sharti yarejeshwe kwa jamii, na makala hukaguliwa kabla ya kuchapishwa. Watafiti wa nje wamelalamikia ucheleweshaji, na malalamiko hayo si ya bure. Lakini Wahavasupai, jamii ndogo ya Arizona ambayo damu yake ilichukuliwa kwa ajili ya utafiti wa kisukari kisha ikatumiwa kwa mambo ambayo watoaji wanasema hawakuyakubali, walilazimika kwenda mahakamani, na suluhu ilipatikana mwaka 2010 tu.

Bodi ya Wanavajo haikuufunga mlango. Kati ya mwaka 1997 na 2000 watoto zaidi ya 8,000 wa Kinavajo na Kiapache walishiriki katika jaribio la chanjo ya nimokoka. Kura ya chanjo ipi itolewe wapi ilipigwa kwa jamii nzima badala ya mtoto mmoja mmoja, na jamii za ulinganisho nazo zilipewa chanjo yenye manufaa, ile ya meningokoka C. Mwaka 2002 Taifa hilo lilisimamisha utafiti wote wa jenetiki katika ardhi yake. Utafiti wa chanjo kwa watoto uliendelea.